Apu ya mtandao inajiunga bando yenyewe, ukienda dukani kwao unajibiwa hovyo

Apu yenyewe sio mbaya jamani, nianze na hilo. Nikiwa sokoni Majengo hapa Dodoma na ndoo za zabibu sina muda wa kuandika nyota na reli, nagusa mara mbili bando limeingia, MB zilizobaki naziona. Nimeisifia sana hii apu kwa wenzangu.

Sasa juzi kati ikajiapdeti. Tangu hapo bando la intaneti likiisha tu salio linakatwa, bando jipya linaingia, na mimi sijabonyeza kitu! Nimeweka hela ya kupiga Hombolo, mzee wa shamba ananisubiri tuelewane bei, napiga naambiwa salio halitoshi. Hadi naenda kutafuta vocha mzigo kashachukua mtu mwingine. Imeniuma mno.

Nikaenda dukani kwao pale karibu na Nyerere Square, foleni ile, nafika dirishani namwambia kaka naomba unisaidie kuna kitu kinanikata hela, kijana hata macho hainui: "Mama, si ulikubali vigezo na masharti." Nimekubali lini? "Ulivyoapdeti." Basi, akaita mwingine. Mtoto umri wa mwanangu, shikamoo hakuna, samahani hakuna, mbele za watu wote wale!

TCRA, wale mamlaka ya mawasiliano, walishaweka kanuni za vifurushi tangu 2021, bando likifika asilimia 75 upewe taarifa, likiisha usikatwe salio bila ridhaa yako. Ridhaa yangu mimi iko wapi hapo? Wamewasha wenyewe, wamekata wenyewe, halafu nikiuliza naonekana mshamba.

Binti wa dirisha la pembeni ndo akanionea huruma, "mama hebu lete simu," akaingia kwenye bando akashuka mpaka chini kabisa, kuna sehemu imeandikwa jiunge kiotomatiki, imewashwa. Akazima. Hata dakika haikuisha, kwahiyo yule mwenzie alishindwa nini? Mungu ambariki huyo binti. Ila hela wanasema hairudi.

Nimetoka pale nimeshaamua nahama, si tangu 2017 mtu anahama mtandao na namba yake ile ile, wateja wangu nisingewapoteza. Shida ni kwamba huko mashambani ninakonunua mtandao unaoshika ni huu huu, nikihama nitaongea na wakulima kwa njia gani? Kwahiyo laini nimebaki nayo kwa kukosa pa kwenda, nikafuta apu. Wikiendi soko limechangamka, menyu ya nyota ukichelewa kidogo kujibu inakata unaanza upya na mteja amesimama, nikairudisha.

Nilitaka kuipa nyota tatu. Lakini kila nikimkumbuka yule kijana napandwa na hasira upya, naipa moja, na hiyo moja ni ya yule binti. Hela yangu naendelea kuidai. Mlio na laini hii ingieni sasa hivi kwenye bando mshuke mpaka chini, mkikuta imewashwa zimeni.