Kamusi ya Kiswahili Sanifu mikononi mwa mtunzi wa fantasia

Programu za mtandaoni za kuzalisha majina ya mazimwi hutema konsonanti zilizorundikana, na msomaji wa Kiswahili hujikwaa kila anapozifikia. Mtunzi aanzie kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyochapishwa na Oxford mara ya kwanza mwaka 1981. Toleo la tatu ni la 2013.

Utajiri wake uko mahali ambapo wengi hupita haraka: upatanisho wa ngeli, unaooneshwa kwenye mabano mbele ya nomino. Ukiandika "joka linakuja", umeleta tishio tu. Ukiandika "joka anakuja", umempa nafsi, na sasa anaweza kujibizana na shujaa. Amua kabla ya sura ya kwanza na usibadilishe. Ukichanganya, msomaji atadhani ni viumbe wawili.

Kutafuta maneno kunachosha kidogo, kwa kuwa yamepangwa kialfabeti na si kwa mada: dubwana liko D, kizuka K, zimwi Z. Weka kamusi ya visawe pembeni. Ukishapata neno, soma maana zake zote, si ile ya kwanza tu. Kizuka ni kiumbe wa kutisha, lakini pia ni mjane aliye edani, na kwa msomaji wa Pwani maana hiyo iko hai. Chunusi ni pepo wa majini anayezamisha watu. Vijana watafikiria vipele vya usoni. Maneno hayo yasitupwe, ni mazuri mno! Ila sentensi inayomtambulisha kiumbe imwoneshe kabisa: maji yanayozunguka, mkono unaovuta mguu.

Kwa lugha ya mitaani usiitegemee kamusi peke yake. Mbuzi mkubwa wa kutisha ukimwita "buzi", wasomaji wa Dar es Salaam watamwona mwanamume anayechunwa pesa. Waulize vijana kabla ya kuchapisha.

Jina la pekee liunde kwa kitenzi na nomino: Mlamwezi, Mmezajua. Litamke kwa sauti, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi tatu au nne zinatosha. Zikizidi tano, mazungumzo ya wahusika huanza kuburuta, hasa jina likirudiwa kila mstari. Kisha litafute tena kamusini, maana muungano huo unaweza kuzaa neno ambalo tayari lina mwenyewe.