Kamelia za vuli kwa bustani za Bukavu: ipi inunuliwe kwanza

Anayetafuta kamelia, kichaka cha maua kisichopukutisha majani, mjini Bukavu huanza kwa kuchagua rangi ya ua, ilhali inampasa kuanza na udongo. Udongo mwekundu wa vilima vyetu, ule ule unaostawisha chai kule Kabare, una tindikali, na kamelia hustawi zaidi pH, yaani kipimo cha tindikali, inapokuwa kati ya 5.5 na 6.5. Chai yenyewe ni kamelia, Camellia sinensis, kwa hiyo shamba la chai lililo jirani ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya muuzaji.

Nafasi ya kwanza naipa Camellia sasanqua, ambayo asili yake ni kusini mwa Japani. Huko huchanua tangu Oktoba hadi Desemba. Hapa, karibu na ikweta, vuli ya namna hiyo, majira ya hewa kupoa kabla ya baridi, haipo, na anayekuahidi mwezi maalumu wa maua asiaminiwe haraka. Matumba hujengeka wakati wa joto na kufunguka vizuri hewa ikipoa, ndiyo maana ningeipanda Bukavu, kwenye mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, kuliko kuijaribu Uvira, kulikoko chini na kwenye joto zaidi. Sasanqua hustahimili jua kuliko kamelia nyingi, majani yake ni madogo, maua yake mara nyingi yana harufu nzuri, na hukubali kukatwa ikawa ua wa kuzunguka nyumba. Kati ya aina zake, Setsugekka yenye maua meupe makubwa ndiyo ningeitafuta kwanza.

Ya pili, kwa kiwanja kidogo au chungu, ni Shishigashira, jamaa wa sasanqua, inayobaki fupi na kutoa maua ya waridi iliyokolea. Yuletide, nyekundu yenye stameni (nyuzi za katikati ya ua) za manjano, huja karibu nayo. Husimama wima, hivyo inafaa pembeni mwa mlango.

Ya tatu ni chai. Wengine watacheka, lakini maua yake madogo meupe yanapendeza, na mche wake ndio ulio rahisi kuupata katika mkoa huu. Camellia japonica naiweka mwisho: ua lake ni la fahari kuliko yote, lakini kwao huchanua mwishoni mwa baridi hadi majira ya kuchipua, na jua kali huunguza majani yake.

Ukifika kwenye kitalu, omba mche uliotokana na kipandikizi au uliounganishwa, kwa sababu uliotoka kwenye mbegu hukawia miaka kadhaa kabla ya kuchanua, na maua yake huenda yasifanane na ya mama yake. Mwombe muuzaji autoe mche kwenye mfuko: mizizi iliyojizungusha na kukaza ni dalili kwamba umekaa humo muda mrefu mno. Majani ya manjano yenye mishipa ya kijani huonyesha kwamba mche unakosa chuma, mara nyingi kwa sababu ya chokaa. Masizi meusi juu ya majani hutokana na wadudu wanaofyonza utomvu. Kati ya mche mrefu uliojaa maua na mfupi wenye mizizi mizuri, chukua mfupi, hata kama wa kwanza umeshapendwa na familia nzima.

Upande mwanzoni mwa mvua, Septemba au Oktoba, ili ukikutana na kiangazi cha Juni uwe umeshika. Usiuzamishe kuliko ulivyokuwa kwenye mfuko, tandaza majani makavu kuzunguka shina bila kuyagusisha na gome, na uuepushe na majivu ya jikoni pamoja na ukuta mpya wa saruji, kwani vyote viwili hupunguza tindikali. Goma, ambako sehemu nyingi udongo ni mwembamba juu ya lava na hukauka upesi, ni afadhali kununua chungu kikubwa na kukijaza udongo wa mboji. Anayeleta mche kutoka Rwanda kupitia mpaka wa Ruzizi aombe kwanza cheti cha afya ya mimea.