Saluni yangu ya Sinza, tangu kipindi cha mgao

Jamani mnaoulizia saluni ya kike Sinza, sitaji jina ng'o, jumamosi foleni tayari ni ya kufa mtu, mkijazana mimi nitasukwa saa ngapi.

Nilihamia pale mwisho wa 2023, ule mgao wa umeme uliotutesa. Nilikotoka bosi umeme ukikata hasira zote anamalizia kwa wadada, mbele ya wateja kabisa, siku moja nina dawa kichwani inaniwasha, tenki limeisha pampu haivuti, yeye yuko bize kumfokea mdada kwa nini kanipaka bila kuangalia ratiba ya mgao. Ratiba gani sasa, nani alikuwa anaifuata? Nikaoshwa na maji ya chupa ya dukani, nikalipa, sikurudi tena.

Huku bosi ni mama mtu mzima, haongei sana. Wadada wanalipwa kwa kichwa, mnagawana na saluni, sasa umeme ukikata wa draya na ritachi anakaa tu kutwa nzima wakati msusi anapiga hela kama kawa. Yule mama kila asubuhi anawaambia ukweli, leo mafuta ya jenereta yapo ya masaa matatu basi, halafu wa draya akawaunganisha na wasusi, rasta mnasuka wawili hela mnagawana. Wasusi walinuna mwanzoni, mafumbo niliyoyasikia pale kichwa kikiwa mikononi mwao acha tu! Ila dada anayenisuka akaniambia mama hata fungu la saluni alilipunguza, na yeye mwenyewe kila nikienda yuko kwenye stuli anafumua wateja. Wakanyamaza.

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ukawashwa, umeme ukaanza kutulia taratibu, na wadada mpaka leo ni wale wale, wanajua ngozi yangu ya kichwa ni laini, sihitaji kuwaambia. Tena wawili wa ile saluni ya zamani nimewakuta wamehamia hapa.

Mabaya yapo. Ukiambiwa njoo saa nne jua ni saa sita, na msuko wa twende kilioni wanabana mpaka macho yanavutika. Halafu kuosha na kuseti waliongeza elfu mbili ya jenereta, jenereta lenyewe siku hizi liko nyuma limefunikwa turubai, elfu mbili bado ipo. Nimemuuliza mama kacheka tu.

Nyota nne, ya tano nampa akirudisha elfu mbili yangu.