Redio koli za kujitolea kwenye maafa: kagua tundu la umeme kabla ya kuuliza wati

Malalamiko ya wasomaji kila masika yanafanana mpaka yanachosha. Redio ni mpya, mwenyewe ana leseni, na klabu ya redio ya ridhaa (ya wanaowasiliana kwa hiari, siyo kwa biashara) imemfundisha vizuri kupokea na kupitisha ujumbe. Umeme unakatika jioni pamoja na mvua. Kesho yake, hata adhuhuri haijafika, redio imezima, na chaja iliyokuja nayo inataka tundu la ukutani. Kuhusu wati na masafa mtu huyu hakudanganywa. Kasoro ni kwamba aliuziwa redio isiyokubali umeme wowote ila wa ukutani, na hilo halikuandikwa popote kwenye boksi.

Kwa hiyo hapa sipangi redio kwa wati, wala idadi ya chaneli, wala kioo cha rangi. Kati ya wati 5 na wati 8 kuna desibeli 2 tu (desibeli ni kipimo cha tofauti ya nguvu), wakati mita ya mpokeaji inahitaji desibeli 6 ili ipande alama moja. Ukitaka kusikika mbali, nunua antena ndefu ya kama sentimita 40 badala ya kile kijiti kifupi, au panda ghorofani. Na kama unategemea redio ya mkononi ikufikishe Dodoma ukiwa Dar es Salaam, hiyo ni kazi ya redio ya upepo ya HF, yaani ya mawimbi marefu zaidi, na bei yake ni habari nyingine.

Ninachopanga hapa ni jinsi redio inavyopata umeme siku ya pili na ya tatu. Tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu nzima ilikuwa gizani usiku mmoja. Tarehe 3 Desemba mwaka huohuo tope lilishuka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji wa Katesh. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga na magari ya Lindi na Mtwara yakakwama. Barabara ikikatika, hata ukiwa na pesa mkononi hakuna wa kukuletea betri ya akiba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Redio ya wati 5 ikirusha kwa nguvu zote huvuta ampea 1.5 mpaka 1.7. Ikitoa sauti ya kawaida huvuta miliampea 150 hadi 200, na ikisubiri kimya huvuta hamsini au sitini. Ukiwa na betri ya 1800 mAh (miliampea-saa, kipimo cha ujazo wa betri) na ukirusha kwa sehemu moja ya kumi ya muda, una saa nane au pungufu kidogo. Lakini kituo kiongozi hakikai kimya namna hiyo. Anayeita vituo, anayerudia ujumbe na kusahihisha majina ya vijiji hurusha karibu theluthi ya muda, na betri hiyohiyo inamwishia ndani ya saa tatu. Kushusha nguvu mpaka nusu wati kunasaidia, ila si mara kumi kama watu wanavyodhani, kwa sababu saketi nyingine za redio zinaendelea kula. Mara nyingi matumizi hubaki zaidi ya theluthi ya yale ya nguvu kubwa.

Sasa tazama umeme uliopo mtaani siku ya mafuriko. Kuna volti 12 za magari na bodaboda, volti 12 za paneli za sola zenye betri, volti 5 za pawabenki, na betri za tochi za AA kwenye kila kioski. Redio inayokubali angalau mbili kati ya hizo ndiyo ya kununua. Isiyokubali hata moja ni ya walinzi wa geti, wenye tundu la ukutani hatua mbili kutoka kwenye kiti.

Nafasi ya kwanza naipa Yaesu FT-70D, na sifichi kwamba naipendelea kampuni ya Yaesu. Ina tundu la umeme ubavuni linalopokea volti 10.5 mpaka 16. Maana yake betri ya gari inaingia moja kwa moja, injini ikiwa imezimwa au inawaka na dainamo inatoa volti 14.4. Betri yake ni ya lithiamu, 1800 mAh, na inachajiwa kupitia tundu hilohilo redio ikiwa imezimwa. Inarusha wati 5, 2 au nusu wati, kwenye masafa ya mita 2 na sentimita 70 (karibu 145 na 435 MHz). Ina pia mfumo wa sauti ya dijitali wa Yaesu yenyewe, ambayo kwenye maafa utaizima, kwa sababu wenzako wengi wana redio za FM ya kawaida. Kasoro yake ni menyu. Imejaa vifupisho, na asiyeizoea atapotea humo wakati anaitwa. Panga chaneli zako kwenye kompyuta mapema, halafu ufunge vitufe.

Ya pili ni Yaesu FT-60R, redio ya mwaka 2004. Leo utaipata kwa mtu kuliko dukani. Nayo ina tundu la umeme wa nje, na ina kasha la kuongeza linaloitwa FBA-25A linalobeba betri sita za AA. Kasha hilo ndilo linaloipa thamani yake yote. Betri za AA za kawaida hushuka volti haraka zikivutwa ampea zaidi ya moja, kwa hiyo ukiwa na kasha rusha kwa nguvu ndogo au ya kati. Ukirusha kwa nguvu kubwa redio itajizima katikati ya sentensi na utadhani imeharibika. Betri yake ya asili ni ya nikeli, FNB-83 ya 1400 mAh, na iliyokaa kabatini miaka mingi huonyesha imejaa kisha ikaisha ndani ya dakika chache. Anayekuuzia bila kasha na bila adapta apunguze bei kweli, siyo kukuongezea kamba ya kuning'iniza.

Kenwood TH-D75 ya 2024 inachajiwa kwa USB-C na ina APRS, yaani inatuma mahali ulipo na ujumbe mfupi bila simu. Ni redio nzuri kupita zote nilizotaja. Bei yake inatosha klabu kununua FT-70D zaidi ya mbili na nyaya zake, na klabu ya wajitolea inahitaji watu wengi hewani kuliko mtu mmoja mwenye ramani.

Yaesu si mwujiza kila mara. FT-65R ni imara, sauti yake ina nguvu, na ndiyo watu hununua wakidhani wamechukua mdogo wake FT-60R. Haina tundu la umeme wa nje. Inachajiwa kwenye kitako chake tu, yaani kile kikalio cha chaja. Ukiwa nayo tayari, nunua betri ya pili na ya tatu, basi.

Kwa wenye bajeti ndogo: Quansheng UV-K5 ina tundu la USB-C kwenye mwili wake na inachaji kwa volti 5, kwa hiyo pawabenki ya simu inatosha. Ila jaribu waya. Redio nyingi rahisi zimeruka vipingamizi viwili vya kilo-omu 5.1 ndani ya tundu la USB-C, na bila hivyo chaja yenye waya wa USB-C pande zote mbili haitoi hata volti moja. Tumia waya wenye USB ya zamani upande wa chaja. Baofeng UV-5R iwe ya mwisho. Kitako chake kinataka adapta ya volti 10, na volti hizo huzikuti kwenye gari wala kwenye pawabenki. Kuna waya wa USB unaopandisha volti 5 kuwa 10. Ununue siku hiyohiyo, siyo baadaye. Na kuna UV-5R nyingi zinazotoa mawimbi ya ziada nje ya masafa kuliko inavyoruhusiwa. Inatosha kuhusu hizo.

Tuje kwenye waya, maana hapo ndipo redio nzuri huuawa. Unahitaji mita moja na nusu ya waya mwekundu na mweusi, fyuzi ya ampea 3 yenye kishikio chake, klipu mbili za betri na plagi inayoingia kwenye tundu la redio. Plagi usiikisie kwa macho. Peleka redio yenyewe kwa fundi ajaribishe, kwa sababu plagi iliyopwaya hugusa na kuachia kila unapogeuka. Fyuzi ikae karibu kabisa na upande wa chanya wa betri, siyo karibu na redio, kwani waya ukibanwa na mlango wa gari katikati, fyuzi iliyo mwisho wa waya haitazuia moto. Kwenye redio hizi za Yaesu chanya ni pini ya katikati. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka, kila mara unapotengeneza waya mpya.

Paneli ya sola inayoitwa ya volti 12 isiguse redio moja kwa moja. Juani, bila mzigo, inatoa volti 21 au 22, na redio yako mwisho wake ni 16. Weka chaji kontrola (kifaa cha kudhibiti umeme wa paneli) na betri katikati. Paneli ya wati 20 inatoa ampea moja na kidogo jua likiwa kali. Saa tano za jua zinakurudishia ampea-saa tano hivi, ambazo ni chaji mbili za FT-70D, maana chaji moja kamili inakula karibu ampea-saa 2 kutoka kwenye volti 12. Wingu la masika likitanda, hesabu nusu au chini ya hapo. Betri ndogo ya king'ora ya 7 Ah usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo yenyewe ni chaji moja na nusu. Betri ya gari ya 45 Ah inatoa zaidi ya kumi. Hesabu hii ifanyike kwenye mkutano wa klabu, na iandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya sanduku la vifaa.

Dukani fanya hivi. Nenda na betri ya king'ora iliyojaa na waya wako wenye fyuzi. Chomeka redio ikiwa imezimwa, subiri dalili ya kuchaji. Iwashe ikiwa bado imechomekwa na usikilize chaneli tupu: kukiwa na mvumo usiokuwepo mwanzo, waya au plagi ina hitilafu. Tikisa plagi kwa kidole. Kama una leseni, rusha mara moja kwa nguvu ndogo na uone kama redio inajizima. Mwenye duka anayekataa jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Na wauzaji wetu wamezidi. Redio ileile ya wati 5 inabandikwa stika ya wati 8, halafu ya 10, na kila stika inapanda na bei. Betri yenye umbo na uzito uleule inaandikwa 1800 kwenye duka moja na 3800 kwenye duka la jirani. Betri kubwa ya kweli huwa kubwa kwa umbo na nzito zaidi. Kuna wanaotoza hela ya “kufungua masafa”, kazi ambayo kwenye baadhi ya redio ni ya kubonyeza vitufe viwili, na ambayo pia inakuweka kwenye masafa ya polisi na ya ndege, ambako huna ruhusa hata ya kukohoa. Kuna wanaobakiza adapta ya boksi ili wakuuzie kando. Na ule ugonjwa wa “bei njoo inbox”: ukifika inbox unaulizwa kwanza upo wapi, kisha bei inatamkwa kulingana na mtaa uliotaja. Anayeagiza nje kihalali analipa ushuru, VAT ya asilimia 18 Tanzania au 16 Kenya, na kibali cha aina ya kifaa, kwa hiyo bei yake kuwa juu naielewa. Siwaelewi wanaotoza bei hiyohiyo kwa mzigo uliopita bila karatasi.

Karatasi zako wewe ni leseni kutoka TCRA (mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania) au Communications Authority ya Kenya, na alama ya kituo inayoanza na 5H Tanzania au 5Z4 Kenya. Masafa yako ya mita 2 ni 144 mpaka 146 MHz, na 145.500 ndiyo ya kuitana kwa FM. Msalaba Mwekundu na serikali wana masafa yao. Kujitolea nao hakukupi ruhusa ya kuyaweka kwenye redio ya ridhaa, hata kama redio yenyewe inayafikia. Watakapokuhitaji watakukalisha kwenye kituo chao na kukupa redio yao, nawe utapitisha ujumbe kutoka huko kwenda kwa wenzako kwenye masafa ya ridhaa.

Ukishanunua, kata waya wa sentimita 49, ufunge kwenye upande wa chuma wa kiunganishi cha antena na uuache uning'inie. Kwa mita 2 unaongeza usikivu bila kugusa betri. Kisha bandika tepu kwenye plagi ya umeme, uandike kwa kalamu ya wino mzito: 12V, KATI +, FYUZI 3A. Zamu ya usiku inaweza kumwangukia mtu ambaye hakuwepo siku mnatengeneza waya huo.