Dell Inspiron 1525 na prosesa T9300: programu ya farmasi ya wakati wa XP inatembea tena

Wandugu, kama uko na laptopu ya zamani na unataka kutembeza Windows XP ndani ya VirtualBox (programu inayotengeneza kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako), usianze na gigahezi, anza na kuuliza kama prosesa iko na VT-x (uwezo wa prosesa za Intel wa kubeba hiyo kompyuta ya ndani). Mimi nimebadilishisha prosesa ya Inspiron 1525 hapa Bukavu, ikatoka Core 2 Duo T5550 ikaingia T9300, na nimeridhika kabisa, ila kuko mambo ya kujua mbele ya kutoa pesa.

Yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) ana farmasi kule Kadutu. Stoki yote, tarehe za dawa kuisha, madeni ya wateja, vyote viko ndani ya programu moja ya Kifaransa ya wakati wa XP ambayo haina toleo jipya. Kompyuta ya mezani ilikufa, bahati diski ikapona. Kuhamia programu nyingine maana yake ni kuingiza dawa moja moja upya, na nani atafanya hiyo wateja wakiwa wamesimama mbele ya kaunta? Ndiyo nikaona tuiweke ile XP ndani ya VirtualBox, inakuwa ni folda moja tu, jioni unaikopi kwenye diski ya nje, na siku laptopu ikiibiwa au ikiungua unaifungua kwenye nyingine na stoki iko palepale. Hiyo faida peke yake inatosha kwangu.

Sasa VirtualBox tangu toleo la 6.1, Desemba 2019, inakataa prosesa isiyo na VT-x. Na T5550 haina! T7300 ambayo ni ya familia ileile Intel waliipa, T5550 wakainyima, kwa hiyo jina la Core 2 Duo kwenye kibandiko halikuambii kitu, lazima ujue namba. Ukiwa na Linux andika amri lscpu, kama huoni VT-x inaweza kuwa haina au imezimwa tu ndani ya BIOS (programu ya bodi inayoiwasha kompyuta), kwa hiyo hakikisha kwa namba ya prosesa. Kweli matoleo ya 6.0 kurudi nyuma yalikuwa yanatembeza XP ya biti 32 bila hiyo, lakini polepole sana, tena yameshaachwa bila marekebisho.

Prosesa nilipata kwa fundi mmoja wa Nyawera anayefungua laptopu zilizokufa na kuuza vipande. Kijana anajua kazi yake, kitu cha kwanza aliniuliza: «Muzee, una hakika ni soketi P? Sababu soketi M nayo iko na pini 478, watu wanadanganyika, zinafanana lakini haziingiliani.» Nilikuwa na hakika, hii Dell ni ya chipseti (chipu za bodi zinazoongea na prosesa) ya 965. Akaniambia pia nisikubali T9400 wala P8600 hata mtu akinipunguzia bei, zile basi yake (njia ya data kati ya prosesa na bodi) ni megahezi 1066 na 965 inaishia 800. T9300 ni 800, gigahezi 2.5, kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) mega 6 wakati T5550 ni gigahezi 1.83 na mega 2. Kwa joto hakuna wasiwasi mkubwa, zote mbili ni wati 35, feni ileile na chaja ileile. Nililipa dola 30 pamoja na kazi na pasta mpya ya joto, naona ni bei ya haki.

BIOS ndiyo hatua ya kuheshimu. Uiweke toleo la mwisho MBELE ya kubadilisha, wakati prosesa ya zamani bado iko ndani, maana T9300 ni ya nanomita 45 na BIOS ya zamani inaweza isiitambue. Na kwa mji wetu huu na kuran (umeme) inavyokatika, hakikisha betri inashika na imejaa. Kuran ikikatika katikati ya hiyo kazi na betri imekufa, unaweza kubaki na laptopu isiyowaka. Ukishamaliza kufunga, ingia BIOS uwashe Virtualization, ndiyo ile VT-x.

Kufungua kwenyewe si vita. Kifuniko cha chini, radieta ya shaba, halafu skurubu moja ya soketi unaizungusha na prosesa inanyanyuka bila nguvu. Ukiona unahitaji nguvu, simama, pini zikipinda umeumia.

Matokeo sasa. Linux nyepesi juu, ramu giga 4, XP nimeipa mega 768, diski yake nikaiweka IDE (aina ya zamani ya kuunganisha diski) sababu XP haina draiva ya SATA, aina mpya, ndani yake, ukiiacha SATA inaanguka na skrini ya bluu. Programu ya yaya inafunguka haraka, kutafuta dawa ni papo hapo, fakitire (ankara) zinatoka. Kadi ya mtandao ya XP nimeizima kabisa, Microsoft waliacha kuifanyia marekebisho tarehe 8 Aprili 2014, haina sababu ya kugusa intaneti. Kuran ikienda anafunga kwa kuhifadhi hali ilivyo, ikirudi anaendelea na fakitire ileile aliyokuwa anaandika.

Inaposumbua: Core 2 haina EPT (msaada wa prosesa wa kusimamia ramu ya kompyuta ya ndani), ilikuja na kizazi kilichofuata, kwa hiyo XP ya ndani bado ni nzito kuliko ingekuwa kwenye Core i5 hata ya zamani. Ukifungua brauza upande wa Linux pamoja na XP, unasikia masini inachoka. Na diski ya zamani inayozunguka itakurudisha nyuma kuliko prosesa, kama una pesa ya ziada weka SSD (diski isiyozunguka).

Kwa wenye laptopu za miaka ya karibuni, msimsumbue fundi: tangu Core i kizazi cha 5 prosesa za laptopu za Intel zimeunganishwa na bodi kwa risasi, hakuna soketi ya kufungua. Lakini kama iko na soketi P na programu yenyewe ndiyo inalisha nyumba, mimi ningelipa hizo dola 30 tena leo.