Miksa za DJ za bei ya chini: sikiliza kwanza, vitufe utahesabu baadaye

Wadau, karibuni. Mezani leo nina miksa za DJ ambazo kijana anayeanza kupiga sherehe anaweza kuzifikia bila kuuza bodaboda. Kuna Numark M2, kuna M6 USB ya hao hao Numark, kuna Behringer NOX101. Huku pembeni nimeweka mbili zilizopanda bei kidogo, Pioneer DJM-250MK2 na Allen & Heath Xone:23. Hizo zipo ili tujue ukiongeza hela unaongezewa nini hasa.

Kabla hatujawasha kitu, kuna jambo linalowaponza wengi dukani. Ukisema "nataka miksa" na ukanyamaza, muuzaji anaweza kukupa ya kanisani: matundu ya maiki mengi, eko, bluetuthi, taa kibao. Si mbaya, ila kazi yake nyingine. Miksa ya DJ lazima ikuruhusu kusikiliza wimbo unaofuata kwenye hedifoni wakati spika za nje zinapiga mwingine. Na mara nyingi ina krosifeda, ile ya kuteleza kushoto na kulia. Mwambie muuzaji akuonyeshe kitufe cha kusikilizia kila chaneli, yaani kila njia ya kuingizia wimbo. Akianza kuzungukazunguka, mshukuru, ondoka.

Haya, maiki. Najua mlitaka nianze na efekti, lakini sisi sherehe zetu zina MC. Harusi ina MC, kitchen party ina MC, na singeli bila MC ni nini? Mpigo umepita 200 kwa dakika, jamaa anatema maneno kama mvua ya mawe, na yote yanapita kwenye tundu moja dogo nyuma ya miksa. Kwenye miksa za bei hii, tundu hilo ndilo mtengenezaji anabania hela. M2, kwa mfano, imetengenezwa kwa ajili ya watu wa kuskrachi, wale wa kusugua sahani mbele na nyuma. Ina chaneli 2, besi, kati na trebo kwa kila chaneli, na krosifeda unayoweza kuibadilisha ikichoka. Kwa mtu wa skrachi anayejifunza chumbani, kwa bei inayozunguka dola 100 huko nje kabla ya usafiri na ushuru, sina neno. Ukiipeleka kwenye harusi yenye MC wawili, umeionea.

Ukiwa dukani fanya hivi. Chomeka maiki, ongea kawaida, pandisha mpaka sauti ijae. Sasa nyamaza. Usiguse kitu. Sikiliza ile "shiiii" inayobaki. Kila miksa ina kidogo, lakini kama unaisikia ukiwa mita mbili kutoka kwenye spika, basi ukifika ukumbini na amplifaya kubwa itasikika mpaka jikoni. Halafu tafuta kwenye miksa nobu ya kupunguza besi ya chaneli ya maiki, nasema ya maiki, si ya muziki. Isipokuwepo, MC akisogeza mdomo karibu sauti inavimba, fundi anapunguza, MC analalamika hasikiki, fundi anapandisha, maiki inapiga mluzi. Mnaujua huo mchezo.

Na sasa ninawaambia kitu ambacho wauzaji wa miksa za DJ hawatakipenda. Kama kazi yako ni sherehe na unatumia laptop tu, pengine miksa ya DJ huihitaji kabisa. Nunua kontrola, ile meza ya vitufe ya kuendeshea programu ya DJ ya kwenye laptop, mfano Pioneer DDJ-FLX4, ambayo kadi ya sauti iko humo humo ndani. Kisha weka pembeni miksa ndogo ya kawaida, ile ile niliyoiita ya kanisani, kama Behringer Xenyx 802 yenye matundu 2 ya maiki ya XLR, yale ya duara ya pini tatu. Muziki unatoka kwenye kontrola unaingia kwenye hiyo miksa ndogo, maiki za MC zinaingia hapo hapo, kila moja na ikwalaiza yake ya besi na trebo, halafu mzigo wote unaenda kwenye spika. Laptop ikiganda, MC bado anaongea. Hilo peke yake limeokoa send-off nyingi.

Lakini kuna wenye CDJ, zile decki za CD na flashi, kuna wenye vainili, zile sahani za santuri, kuna wanaopiga watu wawili kwa kubadilishana. Nyie mnahitaji miksa kweli, kwa hiyo geuzeni kifaa tuone mgongo wake.

Angalia hapa nyuma ya M2. Sauti ya kutoka inatoka kwa RCA, zile nyekundu na nyeupe. Hapo nyumbani haina shida. Ukumbini, ambapo spika iko mbali na meza, waya wa RCA unaanza kuokota mvumo wa umeme njiani, hasa ukiulaza sambamba na waya wa jenereta. Sasa angalia Xone:23 na DJM-250MK2, zote zina XLR. Waya wa XLR unabeba sauti mara mbili, nakala moja ikiwa imepinduliwa. Mvumo ukiingia njiani unaingia sawasawa kwenye nakala zote mbili. Zikifika kwenye spika, ile nakala iliyopinduliwa inarudishwa wima, zinajumlishwa, muziki unaongezeka na mvumo unajifuta. Hakuna uchawi. Ni soketi mbili tu, na kwa mtu anayelipwa kupiga nje ya nyumbani kwake, mimi ningezilipia kabla ya efekti yoyote.

Ila msije mkalaumu miksa kwa kila mvumo. Ukisikia "ngunnn", chomoa chaja ya laptop. Ukikatika, tatizo ni chaja na ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, na dawa yake ni kiboksi cha kutenganisha chenye transfoma ndani. Nimeona watu wanang'oa waya wa ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Mvumo unaisha kweli, na siku umeme ukivuja, aliyeshika maiki ndiye anakuwa ethi. Tafadhali.

Feda, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti. NOX101 ina kitu ambacho kwa bei yake nakipenda: feda zake zinatumia mfumo wa VCA. Kwenye feda ya kawaida, sauti yenyewe inapita kwenye ukanda wa kaboni unaousugua kwa kidole. Vumbi likiingia, unasikia "krrr krrr" kila ukisogeza. Kwenye VCA sauti haipiti hapo, feda inatoa amri tu ya umeme ya kuongeza au kupunguza. Itachakaa, ndiyo, lakini haianzi kukwaruza muziki mapema. Kwa mji wa vumbi, au kwa pwani yenye hewa ya chumvi, hiyo ina maana kuliko namba za kwenye boksi. Krosifeda ya DJM-250MK2 inatumia sumaku na inateleza laini sana, mtu wa skrachi ataielewa sekunde ya kwanza. Yoyote utakayochukua, ishone kifuniko cha kitambaa. Na ikianza kukwaruza, nunua dawa ya kusafishia kontakti za umeme, si ile ya kulainisha bawaba za mlango.

USB ya M6 nitaipitia haraka. Inakusaidia kurekodi miksi yako au kupiga stereo moja kutoka kwenye laptop. Kama ndoto yako ni vainili za taimkodi, zile sahani maalum za kuendeshea nyimbo zilizo kwenye laptop, hiyo siyo, nenda DJM-250MK2, ambayo tangu ilipotoka 2017 imekuwa ikifanya kazi hiyo na programu ya rekordbox. M6 nguvu yake ni chaneli 4. Mnapiga wawili, kila mtu na chaneli zake 2, hamchomoi nyaya katikati ya wimbo.

Xone:23 inaonekana ina chaneli 2, lakini kila moja inapokea vyanzo viwili na kila chanzo kina sauti yake, kwa hiyo unachomeka vitu 4. Filta yake, ile ya kukata besi au trebo, ni ya analogi. Sikilizeni ninavyoizungusha... hiyo. USB haina, anayeitaka atafute Xone:23C.

Mimi ningechukuaje? Anayejifunza skrachi, M2. Anayeanza na decki 2 na hela imebana, NOX101. Anayepiga nje kila wikiendi, asubiri miezi michache zaidi achukue Xone:23, hata iliyotumika.

Na kwa iliyotumika, pindua kifaa usome kibandiko cha umeme kabla ya kuuliza bei. Ikiwa imetoka Marekani na imeandikwa 120V peke yake, ukiichomeka kwenye 230V yetu inakufa hapo hapo. Ikiwa na adapta ya nje, hakikisha adapta ni yake, volti zilingane, na hata aina ya umeme, AC au DC, ilingane. Kisha sogeza kila feda taratibu muziki ukiwa unapiga, chezesha kila soketi kwa kidole. Sauti ikikatika upande mmoja, soketi imelegea kwenye bodi. Fundi mzuri anaichomea, lakini gharama yake itoe kwenye bei ukiwa bado hapo mlangoni kwa muuzaji.