Uzoefu wangu: LibreOffice Calc kwenye kufungua faili za CSV

Kwa faili za CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, safu zikigawanywa kwa mkato au alama nyingine), kama orodha za wanachama, miamala ya simu na majibu ya dodoso, naichagua LibreOffice Calc, programu ya bure ya majedwali, kwa sababu moja: haijiamulii mambo. Ukiifungua faili, kabla data haijaingia linatokea dirisha la mipangilio, na chini yake sampuli ya data. Wengi hubonyeza OK bila kulisoma, halafu lawama zote zinaiangukia faili.

Seti ya herufi iwe ya kwanza. Sampuli ikionyesha "ngâ€™ombe", maana yake ritifaa iliyopinda imeandikwa kwa UTF-8 lakini inasomwa kama Windows-1252, mfumo mwingine wa kuhifadhi herufi. Chagua UTF-8, sampuli itajirekebisha palepale.

Jirani yake kuna lugha, na watu huiruka wakidhani ni ya menyu. Hiyo ndiyo inayosoma tarehe. Kwa Kiingereza cha Marekani, kisanduku cha "Detect special numbers" kikiwa kimewashwa, 03/04/2024 inaingia kama Machi 4, wakati 25/04/2024 inabaki maandishi kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Unapata safu moja yenye tarehe potofu zimeegemea kulia na maandishi yameegemea kushoto. Chagua Kiingereza cha Uingereza kisanduku hicho kikiwa kimewashwa, au salama zaidi, ipe safu yenyewe aina ya "Date (DMY)".

Kitenganishi, yaani alama inayogawa safu, huonekana kwa macho: sampuli ikiwa na safu moja ndefu, hujakipata. Kinachosumbua ni kiasi cha fedha kama 1,250,000 kisicho ndani ya alama za kunukuu, huku kitenganishi kikiwa mkato. Kinapasuka vipande vitatu, na hakuna kisanduku cha kukiunganisha. Mwombe aliyeitoa faili aitoe upya kwa nukta mkato. Na "Merge delimiters", inayohesabu vitenganishi vinavyofuatana kama kimoja, usiiguse kama faili ina seli tupu. Mstari wa Asha,,Tanga unapoteza safu yake ya kati, Tanga inasogea kwenye safu ya namba ya simu. Kisanduku hicho ni cha faili zilizopangwa kwa nafasi nyingi mfululizo, basi.

Sasa penye thamani yote: aina ya kila safu. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa cha Tanzania) ina tarakimu 20, na Calc ikiichukua kama namba hutunza takribani 15 za mwanzo tu. Utaona kitu kama 1.99E+19, tanua safu utakavyo, badilisha muundo wa seli kuwa maandishi, tarakimu za mwisho hazirudi kwa sababu hazikuingia kabisa. Namba za simu nazo zinadondosha sifuri ya mbele, 0712 ikawa 712. Kwa hiyo bofya kichwa cha safu kwenye sampuli, kisha uchague "Text". Safu kadhaa zilizofuatana bofya ya kwanza, shika Shift, bofya ya mwisho. Safu usizozihitaji zipe "Hide", haziingii.

Ninachokilalamikia ni kumbukumbu ya dirisha hili. Kitenganishi cha jana inakikumbuka, hata kama faili ya leo ni ya namna nyingine. Aina za safu haizikumbuki. CSV yenyewe nayo haibebi aina, hivyo ukihifadhi CSV na kuifungua tena unaanza upya. Ukishaingiza vizuri, hifadhi kama ODS, muundo wa Calc yenyewe.

Kwa faili inayokuja kila wiki kwa mpangilio uleule, mimi nimeachana na dirisha na kutumia amri ya kuandika kwenye terminal:

soffice --headless --infilter="CSV:59,34,76,1,1/2/2/2/3/4" --convert-to ods wanachama.csv

59 ni nukta mkato (mkato ni 44, Tab ni 9), 34 ni alama ya kunukuu, 76 ni UTF-8, 1 ni mstari wa kuanzia. Kinachofuata ni jozi za safu na aina: safu ya 1 na ya 2 ni maandishi (aina 2), ya 3 ni tarehe inayoanza na siku (aina 4). Hakikisha Calc imefungwa kabla ya kuiendesha, maana ikiwa wazi amri inaweza kuisha kimya bila kutoa faili.

Faili yenye jina la .txt hufunguka kwenye Writer. Kwenye dirisha la kufungua, chagua aina "Text CSV".